Kutoka Morogoro Hadi Jang'ombe: Safari ya Kuzifuata Nyimbo Ukumbini

Jumamosi, Morogoro na Dar es Salaam

Katika nyumba tuliyokulia mjini Morogoro, baba alikuwa mshabiki wa Cuban Marimba na mama alikuwa wa Morogoro Jazz, na mgawanyiko huo ulidumu hata baada ya bendi zote mbili kunyamaza. Baba alimpenda Salum Abdallah, aliyezisikiliza santuri za Kikuba akazivika rumba zake Kiswahili, na ambaye ajali ya gari ilimchukua mwaka 1965, bendi ikabaki mikononi mwa Juma Kilaza. Mama alimpenda Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo aliyesafiri na Morogoro Jazz hadi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano yake mwenyewe, na Januari 1979 naye akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mimi niliwakuta wote wawili redioni. Najua mahali Mbaraka anapovuta pumzi kabla ya kuingia ubeti, najua ni wapi gitaa la pili linamkimbilia la kwanza, lakini sijawahi kumwona mtu huyo akiwa amesimama mbele ya watu, na kadiri miaka inavyokwenda nimezidi kuona kwamba ninachokijua ni nusu ya muziki wake.

Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Nimetaka kwenda pale ambapo nyimbo ninazozipenda, au ndugu zake wa karibu, bado zinapigwa mbele ya watu, nikae nisikilize ukumbi unaufanyia nini wimbo ambao nimeuhifadhi kwa sikio tangu utotoni. Nimechagua Februari kwa kuwa mwezi huo Unguja huwa na tamasha, na kwa kuwa mama mdogo, aliyeolewa huko zamani, amekuwa akinilaumu kila mwaka kwa kutomtembelea.

Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, hunifikisha Dar es Salaam kwa muda unaozidi kidogo urefu wa kanda ya dakika tisini. Kaka alinipokea stesheni, tukaenda moja kwa moja nyumbani kwake Temeke, tukala, na saa tatu usiku tulikuwa tumekwisha kukaa kwenye viti vya plastiki katika baa yenye uwanja wa kuchezea, tukiwasubiri Msondo Ngoma.

Kaka ni Msondo damu. Kwake yeye bendi nyingine zote ni watu waliojaribu. Historia ya bendi hiyo anaisimulia kwa majina iliyopewa: ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilisha jina nayo ikabadilisha, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi ilipobaki na jina la mtindo wake. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Jambo hilo lilimfunga mwanamuziki, kwa sababu aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu, lakini ndilo lililoziwezesha bendi kuwa na safu nzima ya tarumbeta na saksafoni ambayo leo hakuna mwenye baa anayeweza kuigharimia.

Waliokuwapo jukwaani usiku huu ni wapulizaji wachache tu, na sikio langu lililozoea rekodi za Redio Tanzania lilianza kwa kulalamika. Baada ya wimbo wa pili liliacha. Nilikuwa nimeketi nikisubiri ubeti wa tatu umalizike jinsi unavyomalizika redioni, nao haukumalizika, kwa sababu mwimbaji alimwona mzee mmoja akiingia mlangoni na kofia yake ya pama, akamtaja kwa jina, akaitaja na mitaa aliyopita kuja hapo, na wapiga gitaa wakazunguka pale pale hadi mzee alipopata kiti. Ndipo wimbo ukaendelea. Kaka alinigusa bega akasema, "Umeona? Redioni huyo mzee hayumo."

Jumapili, Dar es Salaam

Leo ilikuwa zamu yangu. Mimi ni Sikinde, yaani mshabiki wa Mlimani Park, na kaka alikubali kunisindikiza kwa sharti kwamba hatapiga makofi.

Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na haikuchukua muda kuwavuta Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka upande wa pili, jambo ambalo kwa mashabiki wa Msondo halijasameheka mpaka leo, ingawa wanamuziki wenyewe walikwenda na kurudi mara nyingi kiasi kwamba ni vigumu kusema nani alikuwa wa nani. Gurumo alifariki mwaka 2014. Cosmas Chidumule, aliyeniletea "Neema", aliacha dansi akaenda kuimba nyimbo za injili. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba sauti nitakayoisikia leo si ile niliyoitunza kichwani, na nilijiandaa kuvumilia.

"Neema" ilipigwa saa kumi na mbili jioni, jua likizama nyuma ya ukuta wa baa. Kijana aliyeiimba hakuwa amezaliwa wakati inarekodiwa, na hakujaribu kumwiga Chidumule. Aliimba chini kidogo, bila haraka, akawaachia watu mistari mizima waimbe wenyewe. Ajabu ni kwamba watu hawakuimba jinsi Chidumule alivyoimba, bali waliimba jinsi wanavyoimba wao, kwa namna iliyokwisha kuzoeleka ukumbini humo, wakikata neno mahali ambapo rekodi hailikati na kurefusha pale ambapo rekodi inapita haraka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naimba rekodi.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo usiku kucha. Redio Tanzania ilikuwa, hadi miaka ya tisini redio binafsi zilipoanza, mlango mkuu wa wimbo kumfikia mtu aliyekaa mbali na Dar es Salaam. Mashairi yalipitiwa kwanza, wanamuziki wote wakaingia studioni wakapiga kwa pamoja, na wimbo ukatoka na umbo moja. Umbo hilo ndilo tulilolipokea sisi wa mikoani, tukalinakili kwenye kanda kwa kuweka redio na kinasa sauti uso kwa uso, tukaliita wimbo. Lakini bendi ile ile, wiki ile ile, ilikuwa ikiupiga wimbo huo mara kadhaa mbele ya watu wa Dar es Salaam, ikiurefusha mwishoni, kwenye chemko, kwa kadiri wachezaji walivyokuwa bado na miguu, ikiwataja waliokuja na kuwasuta wasiokuja. Wao walikuwa na wimbo. Sisi tulikuwa na picha ya paspoti ya wimbo huo.

Sisemi kwamba rekodi zile ni duni. Zina ubora ambao ukumbi hauna: katika "Zuwena" ya Marijani Rajabu na Dar International kuna utulivu wa sauti ambao hakuna baa yenye kelele za chupa ingeuruhusu, na nashukuru kwamba fundi fulani alikaa nyuma ya kioo akaulinda. Nasema tu kwamba chemko la Sikinde sikuwahi kulielewa mpaka leo. Redioni lilikuwa sehemu ya mwisho ya wimbo, ambapo maneno yamekwisha na magitaa yanashindana. Ukumbini ni sehemu ambayo wimbo unakabidhiwa kwa watu. Besi inashuka, tumba zinapanda, solo linarudia mkato mmoja mfupi tena na tena bila kuchoka, na mwimbaji anaacha kusimulia kisa, anaanza kusema na waliopo.

Ilipopigwa "Barua kwa Kaka", kaka alisimama. Hakupiga makofi, alitimiza ahadi yake, lakini alicheza mpaka mwisho.

Jumatatu, Dar es Salaam

Siku ya kupumzika. Asubuhi nilikwenda Kariakoo kumtafuta mzee aliyekuwa akiniuzia kanda, nikamkuta mwanawe, ambaye sasa anajaza nyimbo kwenye flashi kwa bei ya soda. Ana kila kitu, na hakuna kinachojulikana kilitoka wapi: majina ya bendi yamechanganywa, wimbo mmoja wa Vijana Jazz umeandikwa kuwa wa Maquis, na nyimbo nyingi zimekatwa chemko ili zitoshe. Nilimwambia. Akanijibu kwa adabu, "Mama, wateja wengi wanataka maneno tu."

Jumanne, Unguja

Boti ilichukua takriban saa mbili, bahari ikiwa shwari. Mama mdogo anakaa Jang'ombe, mtaa ambao hata asiyewahi kufika Unguja anaujua kwa ajili ya muhogo wake, kutokana na wimbo aliouimba Bi Kidude. Nilipomwamkia tu alinipa sahani ya muhogo wa nazi, akasema amechoka na wageni wanaocheka kabla ya kula.

Bi Kidude nilimwona jukwaani mara moja, miaka kadhaa kabla ya kufariki kwake Aprili 2013. Umri wake haukujulikana na mtu, ila wote walikubaliana kwamba ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba hakuimba kwa kuwafurahisha watu. Alisimama peku, akatoa sauti nzito yenye mikwaruzo kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya uwanja, na pale ambapo ala zilitarajia aingie, aliingia alipotaka yeye, wapigaji wakamfuata. Siku ile nilidhani ni uzee. Mama mdogo, aliyemjua tangu enzi za ngoma za unyago, ananiambia kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote, kwa sababu alijifunza kuimba mahali ambapo mpigaji ndiye anayemsikiliza mwimbaji.

Jumatano, Unguja

Jioni mama mdogo alinipeleka Vuga, kwenye nyumba ya klabu ya Culture Musical, ambayo wazee wengi bado huiita Mila na Utamaduni. Klabu hiyo ni ya mwaka 1958, mdogo wa Nadi Ikhwan Safaa ya mwaka 1905. Tuliketi ukutani kwenye mabenchi, tukasikiliza mazoezi.

Mazoezi ya taarab ni shule ya uvumilivu. Walianza na bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na maneno, na walikirudia mahali pamoja hadi fidla zote zikakubaliana juu ya sauti moja ndogo ambayo mimi nilikuwa nimeikubali tangu mara ya kwanza. Kanuni ilikaa katikati, nyuzi zake nyingi zikimeta chini ya taa ya mrija. Akodiani upande mmoja, udi upande wa pili, nyuma yake besi kubwa ya kusimama, dumbak na rika. Mwimbaji, mwanamke wa makamo aliyekuja na mkoba wa sokoni, alikuwa akizijibu salamu za watu huku akisubiri, na zamu yake ilipofika aliweka mkoba chini akaimba ubeti wa kwanza akiwa bado anatazama mlangoni.

Hapo nilielewa kwa nini sijawahi kuipenda taarab ya rekodi kwa kiasi ninachoipenda rumba. Katika rekodi ala na sauti vimekaa mahali pamoja, vikapigwa pasi. Ndani ya chumba kile fidla zilikuwa zikirudia kila mstari wa mwimbaji kwa kuchelewa kidogo, kila mmoja kwa mkono wake, hivyo kwamba mstari ulipokwisha haukwisha, ulibaki ukizunguka chumbani huku yeye akivuta pumzi. Kwa Kiswahili cha mama mdogo, "wanamwitikia kama watu waliofiwa." Niliona hilo lilikuwa kali mno, lakini sijapata maneno bora zaidi.

Walifanya mazoezi ya wimbo mmoja tu kwa saa nzima. Shairi ni la mtu, sauti imetungwa na mwingine, na anayeimba ni wa tatu. Kila mmoja wao alikuwa na la kusema, na mshairi, mzee aliyeketi karibu nami, alisimama mara moja tu, kumwomba mwimbaji asilipendezeshe neno fulani. "Hilo ni tusi, bibi," alisema kwa upole. "Liache lilivyo."

Alhamisi, Fumba na Ng'ambo

Asubuhi tulikwenda Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad. Hakuna mengi ya kumwona Siti huko. Mji mpya wa maghorofa umeota kando ya bahari na barabara ni nzuri. Nilitaka tu kuupima kwa macho umbali aliotembea binti wa mfinyanzi akiuza vyungu kwa kupaza sauti, hadi alipofika mjini akafundishwa kuimba, na hatimaye mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo. Kabla yake taarab ya mjini iliimbwa zaidi kwa Kiarabu, katika majumba ya wakubwa. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na aliimba habari za mtaani. Wimbo wake wa "Kijiti" unahusu mauaji ya mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam, ambapo muuaji alitoroka na mashahidi ndio waliotiwa hatiani. Watu waliousikia walijua nyumba, walijua majina, na walijua hakimu. Sisi tunaousikia leo kupitia santuri iliyojaa mikwaruzo tunasikia sauti nyembamba na udi, na lazima mtu atueleze.

Usiku palikuwa na kidumbak uani kwa jirani, bila sababu kubwa zaidi ya kwamba kijana wao amerudi kutoka Muskat. Nimesikia watu wakiiita kidumbak taarab ya maskini, nami nadhani ni kauli ya watu wasiojua kucheza. Vidumbak viwili vya udongo, sanduku lenye fimbo na uzi mmoja linaloshika nafasi ya besi, vijiti vya mkwasa, cherewa za kutikisa, na fidla moja inayofanya kazi ya fidla zote nilizoziona jana. Nyimbo hazikatwi. Mwimbaji anatoka huu anaingia ule kwa kuinua mkono tu, mwendo unaongezeka kidogo kidogo, na anayetaka kukaa anakaa lakini hakuna aliyekaa. Nilitambua beti mbili za nyimbo za klabu, zilizovuliwa heshima zote zikavishwa kanga. Mpiga sanduku alikuwa na plasta kwenye vidole vitatu.

Ijumaa na Jumamosi, Ngome Kongwe

Sauti za Busara imekuwa ikifanyika hapa Unguja tangu mwaka 2004, na uwanja wake mkubwa ni Ngome Kongwe, ngome ambayo Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwaondoa Wareno. Unaingia kwa lango nene, unakuta jukwaa, majani, kuta zenye taa, na juu yake anga. Msimamo wa tamasha ni kwamba muziki uwe wa kupigwa kweli jukwaani, si wa kubonyeza, na kwa hilo peke yake ninalisifu, maana nimelipa viingilio vingi katika maisha yangu kumtazama mtu akifungua kinywa mbele ya sauti yake mwenyewe.

Ijumaa nilisikia mpiga kora, ala ya nyuzi, kutoka Afrika Magharibi ambaye aliifanya ngome nzima inyamaze, kisha bendi ya vijana wa Kenya waliocheza vizuri na kuongea sana. Singeli ilinishangaza. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kula urojo Forodhani wakati wa zamu yao, kwa kuwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika hayajatungwa kwa ajili ya mtu wa umri wangu, lakini mama mdogo alikuwa hataki kupoteza kiti. Nikabaki, na baada ya dakika chache nikaanza kusikia kitu ninachokijua. Yule kijana wa Manzese mwenye kipaza sauti alikuwa akitaja watu. Alitaja mitaa, akataja marafiki zake waliokuwa mbele, akamtaja mlinzi wa lango aliyemchelewesha, yote ndani ya mwendo ule wa kutisha na bila kupotea hata mara moja. Ni chemko. Wameondoa wimbo mzima wakabakiza chemko tupu, wakaliendesha mbio. Bado sitaweka singeli sebuleni kwangu, ila nimeacha kusema kwamba imetoka hewani.

Jumamosi ndiyo siku nitakayoisimulia zaidi. Kikundi cha taarab kilipanda saa mbili za usiku, kikiwa na sare, na mwimbaji wake alikuwa na shairi ambalo katika ubeti wa tatu linamgeukia mtu asiyetajwa na kumwambia, kwa maneno laini sana, kwamba mgomba hauzai mara mbili. Mama mdogo alisubiri ubeti huo kama mtu anayesubiri basi lake. Ulipofika, alitoa noti ndani ya kanga, akainuka, akaenda mbele taratibu, bega moja likitangulia na mkono wenye noti ukiwa juu, akamfikia mwimbaji kwenye ukingo wa jukwaa, akamtunza neno lilipokwisha, akageuka na kurudi vile vile, bila kumtazama mtu. Wanawake watatu wa mjini walipiga vigelegele. Walijua.

Sasa wageni, ambao walikuwa wengi na waliokuwa wakifuatilia kwa heshima, waliona kwamba hiyo ndiyo desturi. Haikupita dakika kukawa na mstari. Kijana mrefu mwenye mkoba mgongoni alikwenda na dola, akamtunza mwimbaji katikati ya tusi lenyewe, akitabasamu kwa shukrani, na aliyemfuata akatunza wakati wa ala, ambapo hapakuwa na neno lolote la kuafikiana nalo. Mwimbaji, kwa ustadi mkubwa, hakupotea. Alipokea yote kwa kuinamisha kichwa na akaurudia ubeti wa tatu mara nyingine ili kila aliyekuja na fedha akute kitu. Mama mdogo alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. "Yule kijana," alisema alipoweza kusema, "amemtukana nani huko kwao?"

Si dharau kwa wageni. Walikuja kwa nia njema, na fedha yao ina thamani kwa kikundi ambacho mwaka mzima hulipwa kidogo. Tamasha lina saa zake na zamu zake, na bila hilo nisingemsikia yule wa kora maishani mwangu. Lakini niliona kwa macho kile nilichokuwa nimeanza kukihisi tangu Dar es Salaam, kwamba mtu anaweza kuupenda wimbo, kuuhifadhi, hata kuulipia, na bado akawa nje ya wimbo huo, kwa sababu hana mtu wa kumlengea. Nilijiuliza mimi niko upande gani. Ninazijua nyimbo hizi kuliko yule kijana, lakini kanda zangu zote nimezisikiliza peke yangu.

Jumapili, Jang'ombe

Kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na usiku wanawake walikuwa na taarab yao chini ya turubai. Bendi ilikuwa ya kinanda, gitaa la umeme na besi iliyotikisa vikombe, taarab ya kisasa ambayo wazee wa Vuga huitaja kwa kukunja pua. Mimi siwafuati. Taarab hiyo ilikuzwa miaka ya tisini, wakati wa mashindano ya mipasho kati ya vikundi vya TOT na Muungano, na Khadija Kopa, aliyekuja bara akiwa ametoka katika klabu ile ile ya Vuga, hakuacha chochote cha ufundi wake njiani. Sauti yake ni kubwa, neno lake linasikika hadi herufi ya mwisho. Mabinti waliokuwa harusini walikuja kwa ajili ya nyimbo za Zuchu, mwanawe, lakini zilipopigwa za Kopa mwenyewe ndipo pochi zilipofunguliwa.

Ukumbi wa aina hii una sheria ambazo hazijaandikwa. Wimbo unaanza, hakuna anayesimama. Watu wanapima maneno. Unapofika mstari wa kwanza wenye ncha, mwanamke mmoja anainuka, na tangu hapo macho yote yanafanya kazi mbili: yanamtazama anayekwenda kutunza, na yanamtafuta anayelengwa. Akitunza karibu na kiti fulani, ni jibu. Akizunguka upande wa pili kukwepa kiti fulani, ni jibu pia. Mwimbaji anaona yote, na kama yuko hodari, anaurudia mstari huo akiwa amegeukia upande unaofaa. Nilihesabu nyimbo tatu ambazo maneno yake nilikuwa nikiyajua kwa miaka, na kila moja ilikuwa na maana mpya kabla ya kufika katikati, kwa sababu ya nani aliinuka na nani alibaki amekaa.

Kisha wakapiga wimbo mmoja wa zamani wa Tanga, wa Shakila, "Macho Yanacheka", wameuwekea mdundo wa kinanda lakini sauti yake hawakuigusa. Huo ni wimbo ambao ningeutaja kwanza kama ningelazimishwa kutaja mmoja. Mama mdogo alinisukuma kiwiko. Nikainuka. Nilisubiri ubeti ninaoupenda kuliko yote, nikaenda mbele kwa mwendo niliouona kwake, noti juu, nikamtunza mwimbaji mahali sauti inaposhuka, nikarudi. Sikuwa na mtu. Nilitunza sauti ile kushuka, basi.

Nilipoketi, niliona safu ya mbele yetu imegeuka. Mwanamke mwenye dera la kijani alikuwa akimnong'oneza mwenzake, na mwenzake alikuwa akinihesabia vidole. Nyuma yangu sauti ikauliza, "Mgeni wa nani huyu?" na nyingine ikajibu, kisha kimya kirefu cha watu wanaofanya hesabu. Wimbo uliofuata, mwenye dera la kijani aliinuka kwa ubeti wa kwanza kabisa, akatunza, na aliporudi alipita mbele ya kiti changu ingawa njia yake haikuwa hiyo.

"Umemfanya nini?" mama mdogo aliniuliza tukiwa njiani kurudi.

Nilimweleza kwamba simjui, na kwamba nilichokitunza ni sauti tu, pale inaposhuka. Alinitazama kwa muda, akacheka, akasema hilo nisimwambie mtu mwingine hapa Jang'ombe kwa kuwa hawataliamini. Boti yangu ni saa tatu asubuhi. Asubuhi hii, kabla ya chai, jirani amekwisha kuja kuuliza.